Sauti ya Jikoni

Ukifika mtaa wa Ngagara ukauliza nyumba ya Seifu fundi wa sauti, utaelekezwa hata na mtoto. Arusi ngapi za Buyenzi zimechezwa yeye akiwa nyuma ya mitambo, shingo kaikunja, sikio kalitega! Mtu huyo ana masikio, jamani. Spika moja kati ya kumi ikianza kukoroma, wengine wanacheza tu, yeye keshajua ni ipi. Kwa hiyo siku aliyoamua kuweka spika katika vyumba vyote vya nyumba yake mwenyewe, hakuna aliyeshangaa, isipokuwa mkewe Mwanvua, aliyesema ingekuwa heri aanze na bomba la jikoni linalovuja.

Nyumba yenyewe ni ya zamani na ni ndefu: sebule mbele, vyumba viwili katikati, halafu jikoni, na nyuma kabisa chumba cha mama yake Seifu, Bi Saliha, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua. Bibi akitaka maji ilimbidi agonge bakora sakafuni mpaka mtu asikie. Hilo lilimuuma Seifu. Lakini sababu kubwa ilikuwa Houda, binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minane, aliyekuwa akiongoza kaswida katika madrasa yao kule Buyenzi. Sauti ya mtoto yule ilikuwa inakufanya uache unachofanya. Mwaka huo alichaguliwa kuimba peke yake siku ya Maulidi, na Seifu alitaka kila anapofanya mazoezi asikike nyumba nzima, bibi yake amsikie bila kuinuka.

Akaenda mjini kwa rafiki yake Léonce, mwenye duka la vyombo vya muziki.

"Unataka ya nyuzi ao ya waifai?" Léonce alimuuliza.

"Nyuzi ndio za kuamini. Sauti haiburuti, haichelewi."

"Na kuta zako ngumu vile utazitoboa mpaka lini, mon cher? Beba hizi. Iko na maikro ndani, ya kushika sauti. Mutu anaita sebuleni, wanasikia vyumba vyote, na wao wanaitika hukohuko walipo."

Seifu akapima, akasikiliza, akapiga makofi mbele ya kila moja kama kawaida yake, akabeba tano.

Jumamosi nzima akazipanga. Houda aliimba sebuleni mbele ya spika, baba yake akapita chumba hadi chumba. Sebuleni safi. Vyumbani safi. Kwa bibi safi. Jikoni, maneno yalifika yamechelewa, kiasi cha kupepesa jicho tu. Akahamisha ruta, kile kisanduku cha waifai. Bado. Akachukua spika ya jikoni akaiweka chumbani, na ya chumbani akaileta jikoni kwenye rafu. Ile iliyokuwa inaburuta ikaimba vizuri, na iliyokuwa nzima ikaanza kuburuta. Kosa halikuwa kwenye spika.

"Mi sisikii kitu, Baba Houda," alisema Mwanvua. "Inaimba vizuri."

"Inaburuta."

"Masikio yako nayo yamezidi."

Bi Saliha alifurahia kaswida. Kuitwa ndiko alikokataa katakata. Seifu alimwita kutoka sebuleni, mama unataka chai, akasikia kimya. Akaita tena. Kisha bakora ikagonga sakafuni, akamfuata.

"Mama, mbona hunijibu?"

"Mi siitikii mutu sijamuona."

"Ni mi mwanao. Sauti yangu si unaijua?"

"Sauti inaigizwa, Seifu. Buyenzi tulikuwa na jirani, mutoto kama huyu wetu. Akaitwa mchana mweupe kwa sauti ya mama yake, akaitika. Mama yake alikuwa sokoni. Mutoto yule hakusema tena, mpaka akaolewa, mpaka tukamzika. Mutu akikuita, toka, umuone, ndio uitike. Nilikulea hivyo."

Na kweli alimlea hivyo. Utotoni Seifu alikuwa anaitwa mara tatu na haitiki mpaka atokeze kichwa mlangoni. Lakini miaka mingi kati ya nyaya ilikuwa imemzoesha kwamba sauti ni kitu kinachotoka kwenye sanduku. Akacheka, akambusu mama yake mkono, akaenda zake. Akamfundisha Houda mchezo: akiitwa kwenye spika, akiitika upesi, anapata pipi. Mtoto akawa mwepesi, anasema "Abee" kabla jina halijaisha kutajwa. Bibi kule nyuma alikuwa anayasikia yale majibu yote, akavuta tasbihi yake.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Joto lilikuwa limekaa juu ya mabati. Seifu alikuwa uani anaunga nyaya zake za kazi, Mwanvua kachuchumaa penye bomba anaparua magamba ya samaki aina ya mukeke, Bi Saliha kwenye mkeka kivulini. Ndani alikuwamo Houda peke yake, anafanya mazoezi. Sauti yake ilitoka dirishani bila spika, nzuri, ya Mungu mwenyewe. Bibi alikuwa amefumba macho.

Ikakatika katikati ya ubeti.

"Abee, mama."

Mwanvua aliinua kichwa. Kisu mkononi, magamba mpaka kwenye viwiko.

"Nani amemwita?"

"Si we?" Seifu alisema.

"Mi niko hapa."

Hawakuwa wamesikia mwito wowote. Waliyasikia majibu tu.

"Abee," Houda alisema tena ndani, kwa furaha. "Nakuja jikoni."

Bi Saliha alimshika Seifu mguu wa suruali.

"Mama yake ni huyu," alinong'ona. "Anamwitikia nani?"

Seifu alikimbia. Alipita ukumbini. Taa ndogo za spika zilikuwa zimezimika zote. Alifika jikoni.

Houda alikuwa amesimama mbele ya rafu, kaitazama ile spika. Aligeuka. Akamuona baba yake, akatabasamu. Akafungua mdomo kumwambia kitu. Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajishika koo. Kisha akalia, na kilio nacho hakikuwa na sauti.

Umeme ulirudi karibu na magharibi. Houda alikuwa amelala mapajani pa mama yake, mdomo kaufunga. Taa ziliwaka. Jikoni, sauti yake ikasema, "Abee, mama." Kisha ikasema hivyohivyo sebuleni. Kisha chumbani. Kisha kwa bibi kule nyuma. Kwa furaha, kila mahali kwa zamu yake. Seifu alizichomoa zote, akazirudisha kwenye makatoni huku akilia kama mtoto.

Daktari alimchungulia Houda koo, akasema ni safi, akaandika dawa ya maji. Ni Bi Saliha aliyewapa kazi ya kufanya. Mama yake akae mbele yake, amshike mashavu, amwite, mtoto akiwa anamuona. Asubuhi na jioni. Mwanvua aliita mpaka yeye mwenyewe akakauka sauti. Maulidi yalikuwa yanakaribia na kule madrasa walishaanza kumtafuta mtoto mwingine. Seifu hakuweza kula. Kila alipoona pipi aligeuza uso, kwa sababu alijua ni nani aliyemfundisha mtoto kuitika.

Asubuhi moja, wakiwa kwenye chai, Mwanvua akamshika mashavu, "Houda."

"Abee, mama."

Waliangukiana. Mwanvua alipiga kigelegele peke yake. Bi Saliha, alipopelekewa habari chumbani kwake, alilia kwenye ukingo wa khanga, lakini alipotulia aliuliza swali moja tu.

"Ameitikia wapi?"

"Jikoni, mama. Tulikuwa tunakunywa chai."

Bibi akarudi kwenye tasbihi yake.

Seifu akazirudisha spika kwa Léonce. Léonce akazijaribu zote tano mbele yake, akapandisha na kushusha. Hazikuwa na ubaya wowote.

Siku ya Maulidi walikwenda Buyenzi, isipokuwa bibi, kwa sababu ya mguu. Mitambo aliifunga Seifu mwenyewe, ya nyuzi, akaijaribu kwa watoto wengine. Kila neno lilitoka pale lilipotakiwa kutoka. Kisha akapanda jukwaani Houda na nguo yake nyeupe.

Midomo ilifunguka. Kimya kidogo. Ndipo sauti ikaja.

Seifu alidhani ni waya. Akagusa hiki, akagusa kile. Akazima maikro kabisa. Sauti ikabaki ile ya mtoto tupu, nyembamba, tamu, na bado ilikuwa nyuma ya midomo. Ubeti uliisha. Houda akafunga mdomo. Neno la mwisho likafuata.

Watu walikuwa wanafuta machozi. Mwanvua alikuwa anafuta machozi.

"Umeona?" Seifu alimnong'oneza.

"Nimeona nini?"

"Inaburuta."

"Mi sisikii kitu, Baba Houda. Mutoto amepona. Sema Alhamdulillahi."

Waliporudi walimkuta Bi Saliha jikoni, kaketi kwenye kigoda, yeye ambaye chumbani kwake hatoki bila kushikwa. Alimtazama Houda kwa muda mrefu. Alingoja mtoto apelekwe kulala na mama yake.

"Nimemsikia," alisema. "Ameimba mpaka mwisho."

"Umemsikia wapi, mama? Buyenzi ni mbali."

Akaionyesha rafu kwa bakora. Haikuwa na kitu juu yake.

"Sauti yake bado iko humu jikoni, Seifu. Inamfuata tu anakokwenda."

Tangu siku hiyo Seifu anapima, na hakuna anayejua kwamba anapima. Jikoni mtoto akisema, midomo na sauti ni kitu kimoja. Sebuleni inaburuta kidogo. Barabarani inazidi. Walipokwenda Kinama kumuona mgonjwa, Houda alisalimia, mwenye nyumba akadhani mtoto ana haya, maana midomo ilishatulia ndipo salamu ikafika. Mwanvua anataka wahamie Musaga, karibu na dada yake, aondoke kwenye nyumba iliyomtesa mwanawe, na haki anayo. Seifu anakataa. Wamegombana, wamesusiana chakula, na Seifu hasemi kwa nini. Atamwambiaje mama wa mtoto kwamba huenda kuna umbali ambao sauti haitafika?

Mchana Houda akiwa madrasa, Seifu anakaa jikoni kwenye kile kigoda. Juu ya rafu, pale spika ilipokuwa, pamebaki duara. Anapafuta kwa kitambaa kikavu. Baada ya muda panalowana tena, panakuwa na joto, kama kioo kilichopuliziwa. Kule madrasa Buyenzi, kwa saa hiyo, watoto wanaitwa majina, na jikoni pasipo na mtu husikika, taratibu, "Abee, maalimu." Hilo ameshalizoea.

Juzi alilisikia jibu hilo, akainuka kwenda kazini. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Nyuma yake, kwenye rafu, sauti ileile ya mwanawe ilisema tena, kwa furaha:

"Abee, mama. Nakuja."

Mwanvua alikuwa ametoka kwenda sokoni tangu asubuhi.