Bwana Usafi na Maboga ya Mkewe

Bwana Usafi halikuwa jina lake, lakini wenzake hawakumwita vingine. Alikuwa mtunza viwanja wa kiwanda cha sabuni. Hata mti ukidondosha jani, aliutazama kwa hasira. Nyasi alizifyeka mpaka udongo ukaonekana. Wadudu aliwapulizia dawa kila asubuhi. Jioni alirudi nyumbani, ng'ambo ya uzio wa kiwanda, akiwa ameridhika kabisa.

Mkewe hakuwa na raha hiyo. Alilima maboga nyuma ya nyumba na kuyauza sokoni. Msimu uliopita yalichanua vizuri, kisha viboga vichanga vikageuka manjano na kuanguka. Msimu huu mambo yalianza vilevile. Aliongeza mbolea, akaongeza maji, hata akaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Alimwambia mumewe kwamba yasipozaa sasa, ataacha kilimo. Maneno hayo yalimuuma mwenyewe, maana alilipenda shamba lake.

Siku moja meneja alitangaza kwamba mpimaji atakuja. Kampuni ilitaka kujua kama viwanda vyake vinawadhuru viumbe wanaovizunguka: ndege, vyura, nyuki na mimea. Bwana Usafi alisikia jambo moja tu, kwamba kuna ukaguzi. Akafyeka kichaka cha mwisho nyuma ya ghala, kisha akapulizia dawa kila kona.

Mpimaji alikuwa binti mwenye viatu vya mpira na darubini shingoni. Alizunguka uwanja mzima, akachungulia mtaroni, akainua mawe. Bwana Usafi alimfuata nyuma akisubiri sifa.

"Baba, pamefagiwa kweli," binti alisema mwishowe. "Ila mimi nimekuja kuhesabu wenyeji, na wewe umewahamisha wote."

Bwana Usafi aliona kazi yake inaota mbawa. Binti akamtuliza, akasema hakuja kumshtaki mtu. Akaeleza pia kwamba upimaji hauishii kwenye uzio, kwa kuwa nyuki na ndege hawajui mipaka. Akaomba kuona mashamba ya jirani. La karibu lilikuwa la maboga.

Mke alimwonyesha viboga vilivyoanguka. Binti akafunua ua moja.

"Mama, hili ni ua dume. Lile lenye kiboga chini yake ni ua jike. Unga huu wa manjano lazima utoke huku ufike kule, na mbebaji wake ni nyuki. Umemwona nyuki hapa siku hizi?"

Mama alifikiri, hakukumbuka.

"Nyuki hula kwenye maua ya porini, na wengine huzaliana ardhini. Kule kiwandani chakula chao kimefyekwa. Dawa nayo inapulizwa asubuhi, saa zao za kazi."

Mke akamgeukia mumewe taratibu.

"Kumbe mchawi wangu nalala naye kitanda kimoja."

Alicheka yeye kwanza. Mumewe alifuata, kwa aibu kidogo.

Kabla ya kuondoka, binti aliwafundisha kuchuma ua dume asubuhi na kuligusisha ndani ya ua jike. Kwa njia hiyo waliokoa maboga machache. Meneja naye aliisoma ripoti na kukubali ushauri. Nyasi na maua ya porini yaliachwa kandokando ya uzio. Dawa ilipulizwa pale tu ilipohitajika, jioni, mbali na maua.

Bwana Usafi aliteseka mwanzoni. Kila alipopita penye magugu, mikono ilimwasha. Lakini mvua ziliponyesha, vyura walianza kelele mtaroni, na nyuki wakarudi. Akajikuta anawafokea wenzake waliotupa taka kwenye maua.

Msimu uliofuata maboga yalijaa mpaka mke akakosa pa kukanyaga. Alichagua kubwa kuliko yote, akamtwika mumewe begani, wakaondoka kwenda sokoni. Bwana Usafi alipita nalo mbele ya lango la kiwanda, taratibu sana, ili kila mtu alione.