Mtumbwi wa Kabambare

Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, wakati mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa kila Jumamosi, na mwanamke akienda soko la Kasongo alivaa kama anayekwenda kuposwa, hata kama alifuata chumvi tu. Émérance wa Kabambare alifuata chungu. Alikuwa amevaa libaya ya manjano yenye mikono iliyofura kama maandazi, na kikwembe cha maua mekundu kilichokaa vizuri mno kwa mtu aliyesafiri juu ya kamiyo, lori la pamba. Chungu kipya alikipakata ubavuni kama mtoto. Mbuzi akapita mbio, Émérance akarudi nyuma, na chungu kikagonga kinu kilichokuwa kimetulia chini. Pwaa! Vigae vikaruka mpaka kwa wauza samaki.

"Weye! Kinu chako kimenivunjia chungu!"

Kijana aliyekaa nyuma ya vinu na makasia aliinua macho. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyokunjwa mpaka magotini, kofia ya kufuma, na vumbi la mbao kwenye kope kama mtu aliyelala ndani ya unga.

"Dada, kinu hakina miguu. Ni chungu njo kilikuja kumupiga."

"Na unacheka!"

"Sicheki. Ni meno tu iko inje."

Wauza samaki wakaangua kicheko. Émérance alitaka kukasirika, lakini hasira yenyewe ilikataa kuja. Akakaa juu ya kinu kile kile chenye kosa, akaanza kuokota vigae.

Tuseme wazi: chungu hicho hakikuwa cha maji. Émérance alipika kasikisi, pombe ya ndizi, kama marehemu mama yake, na alitaka kufungua nyumba yake mwenyewe ya pombe, yenye mabenchi, ndoo safi na ruksa ya serikali. Bwana Ajenti, Mbelgiji wa serikali, alikuwa amekuja mara moja kuonja. Akaonja chungu cha kwanza, akaonja cha pili, akaonja cha tatu, akapangusa mdomo. "Hii tamu, hii kali, hii imekufa," alisema. "Nikupe ruksa ya kuuza nini?" Angerudi soko la pamba likiisha. Na baba mdogo wa Émérance alikwisha sema neno lake: ruksa ikikosekana, msichana anarudi kijijini kwenye shamba la pamba ya lazima. Wale waliolima pamba ile hawahitaji kuelezwa. Wasioilima, mgongo wao na umshukuru Mungu.

"Unatafuta chungu kikubwa namna gani?" kijana aliuliza, sasa kwa sauti ya fundi.

"Kinachobeba pombe yote pamoja. Ikuwe na ladha moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vyungu vyangu, kila kimoja kina tabia yake kama wake wenza."

"Mimi ni mutu wa Nyangwe. Ninachonga mitumbwi. Vinu ni vya kupitisha siku tu."

Émérance akaacha kuokota vigae.

"Basi nichongee mutumbwi."

"Mutumbwi! Kule Kabambare? Muto Luama iko mbali na kwenu. Utausukuma juu ya majani? Utakwenda wapi nao?"

"Mimi siendi pahali. Watu watakaa kwa benchi, na mutumbwi utawapeleka."

Kijana alicheka mpaka kofia ikaanguka. Jina lake Kassimu. Alikuwa mtu wa msikiti, hajaonja pombe tangu azaliwe, na tangu dakika ile alikuwa amelewa.

Siku zile watu hawakuwa na simu mfukoni. Simu yao ilikuwa Marcellin, shofere wa kamiyo, mwenye sauti ya tarumbeta na tabia ya kuongeza chumvi. Akifika Kabambare alianza kupiga kelele kabla hajazima moto wa gari:

"Émérance! Kassimu anauliza mutumbwi ukuwe na urefu gani, na kama weye umelala vizuri!"

"Mwambie urefu wa watu wawili waliolala! Na mimi nimelala vizuri, peke yangu!"

Kabambare nzima ilisikia, hata mbuzi. Na ujumbe ukifika Kasongo, Marcellin alikuwa amekwisha kuupika upya: "Anasema watu wawili, ni yeye na weye!"

Mwishowe Kassimu alikuja mwenyewe, ati kupima mlango, mutumbwi usije ukakosa kuingia. Aliupima mlango asubuhi, akaupima tena baada ya chakula, na jua lilipopoa akasema heri aupime mara nyingine, maana mbao inaweza kuvimba. Émérance alimwonyesha shimo ambamo ndizi ziliivishwa chini ya majani na udongo wa moto. Akamwonyesha jinsi ya kuzikanda kwa nyasi mpaka maji yake yatoke, na jinsi ya kuchanganya unga wa ulezi uliokaangwa. Halafu akamvuta mpaka kwenye chungu kilichofunikwa.

"Weka sikio."

"Sitapata zambi?"

"Zambi iko kwa mudomo, haiko kwa sikio. Weka!"

Kassimu alivua kofia, akainama. Ndani ya chungu palisikika kitu kama umati wa watu wanaonong'ona nyuma ya pazia.

"Iko inasema!"

"Njo uzima wake. Ikinyamaza, imekufa. Pombe nzuri haichoki kusemasema."

"Kama mwenyewe."

Émérance alimpiga na jani la mgomba. Akampiga tena, polepole zaidi, na mara ya tatu jani lilisahau kuondoka begani kwake.

Mtumbwi ulifika juu ya magunia ya chumvi. Watu walitoka majumbani kuutazama. Uling'aa! Ulikuwa mwekundu, laini, unateleza kama shingo ya bibi arusi. Ukiinama unaona sura yako ndani yake. Marcellin alipaza sauti: "Kassimu anasema, asiuguse mutu kabla yako!"

Émérance aliugusa kwanza, kweli. Kisha akamwaga ndani maji yote ya ndizi za shimo zima, akatia ulezi, akafunika kwa majani, akaenda kulala akiimba.

Kesho yake aliweka sikio. Kimya. Akalala, akaamka, akaweka tena. Kimya cha kaburini. Alipofunua majani, pombe ilikuwa imelala kama maji ya kuoshea sahani. Povu hakuna hata la kumnyoa mtoto ndevu. Juu yake yalielea macho ya mafuta, na harufu ilikuwa ya mawese na utomvu wa mti. Mtumbwi ulikuwa umepakwa mafuta ndani na nje, na mafuta ndiyo yaliyoua povu.

Rafiki yake Mathilde, mwenye kiuno chembamba na ulimi mrefu, alisimama pembeni mikono kiunoni.

"Nilikuambia mimi. Mutu wa musikiti akuchongee mutumbwi wa pombe, na roho nyeupe? Mutoto mudogo anajua mafuta na pombe haziko ndugu. Ameuharibu kusudi, uache pombe, akuingize kwa mama yake ukakoroge uji."

"Kassimu hawezi."

"Basi mafuta yalipanda kamiyo yenyewe."

Maneno mabaya yana miguu. Yaliingia na kukaa. Marcellin alipopita, Émérance alimpa ujumbe, na mara hii alimwapisha asiongeze wala asipunguze: "Mwambie ameua pombe yangu. Kama hakutaka nipike, angesema kwa mudomo, asingesema na mafuta."

Marcellin aliporudi, alizima moto kwanza. Akashuka. Akavua kofia. Watu wakajua pana msiba.

"Alisema nini?"

"Alikusanya vinu vyake, mama, akarudi Nyangwe."

Mtumbwi ukatupwa nyuma ya nyumba. Kuku wakauona, wakaupenda, wakaanza kutaga. Soko la pamba likakaribia kwisha, mawingu yakaanza kukusanyika mashariki, upande wa ziwa, na baba mdogo akatuma jembe. Jembe jipya, lenye mpini.

Ndipo akafika Waridi, dada mkubwa wa Kassimu, na makapu ya samaki wakavu. Waridi alikuwa mwanamke mnene, mwenye kaniki nyeusi mpaka kichwani na wanja mzito machoni. Alikuja kuuza samaki, ndivyo alivyosema, ingawa aliuliza nyumba ya Émérance kabla hajauliza njia ya soko. Alizunguka nyuma ya nyumba, na kelele yake ikafika misioni.

"Toka! Toka, mashetani! Nani ameweka kuku ndani ya mutumbwi wa arusi?"

Émérance alitoka mbio. "Arusi gani?"

"Unaniuliza mimi?" Waridi alimwangalia toka kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu. "Mungu wangu. Mutoto huyu hakuambiwa. Sikia, binti. Kwetu, katika ukoo wetu wa kuchonga, mutumbwi wa kuuza hautiwi mafuta hata tone. Mwenye kuununua anaenda kuupaka mwenyewe. Mwanaume anapaka mutumbwi moja tu katika maisha yake: wa yule anataka kuoa. Anapaka na kiganja, mawese na utomvu, anaanika, anapaka tena, mpaka anaona uso wake ndani. Mwanamke akikubali, anaukalia. Basi, maneno imeisha."

"Na mbona hakusema?"

"Aseme namna gani? Na mudomo wa Marcellin?"

Émérance akamfukuza kuku wa mwisho aliyebaki ndani.

"Mudogo wangu alipaka mpaka ngozi ikatoka kwa mukono," Waridi aliendelea, na sasa sauti ilishuka. "Mama yetu analia: mutoto wangu anaoa pombe! Yeye anapaka. Hajui kama pombe inakufa na mafuta, binti. Atajua wapi? Yeye anajua mutumbwi njo unakufa bila mafuta."

Émérance akaenda kwenye mtumbwi, akaondoa mayai moja moja kwa upole, akafuta mbao kwa ukingo wa kikwembe chake, akaingia, akaketi.

"Umeona?" alisema, machozi yakimtiririka na kicheko pamoja.

"Nimeona," Waridi alisema. "Na weye umekalia yai moja."

Siku iliyofuata Marcellin alimbeba mpaka Kasongo, na kutoka pale akatembea na wauza samaki mpaka Nyangwe. Lualaba ilikuwa pana, ya rangi ya chai yenye maziwa, na kando yake, chini ya kibanda cha makuti, tezo lilikuwa likilia: ko, ko, ko. Kassimu alimwona mbali. Libaya ile ya manjano, nani angeikosa? Lakini hakuacha kuchonga.

"Jambo, fundi."

"Jambo, dada."

"Nimekuja kwa neno la mutumbwi."

"Si uko na moja? Nasikia kuku wamefurahi."

"Kuku wametoka. Nataka mwingine. Usiopakwa mafuta."

Tezo likanyamaza. Kassimu alipangusa jasho taratibu, kama mtu anayetaka mkono ukae usoni.

"Usiopakwa ni wa mugeni. Basi nimepata jibu. Nitakuchongea, kama ninachongea wageni wote."

"Ee, mwanaume! Sikia mpaka mwisho! Huu wa pili ni wa pombe, uuache mukavu kama koo ya Bwana Ajenti. Ule wa kwanza iko wangu. Nimeukalia."

"Nani ameona?"

"Waridi. Na kama hauamini Waridi, amini kikwembe."

Akageuka. Palepale kwenye maua mekundu, nyuma, palikuwa na duara la mafuta, kubwa, la kung'aa. "Nimelifua na sabuni, nimelifua na majivu. Halitoki."

Kassimu alilitazama duara lile kwa muda mrefu kuliko ushahidi ulivyohitaji.

"Muoe!" wavuvi walipiga kelele kutoka majini. "Mwite mama yako!"

"Mama yako atasema nini?" Émérance aliuliza polepole.

"Atasema. Mama haachi kusema, kama pombe nzuri. Na wa kwenu watasema. Mimi sinywi, roho yangu, wala siuzi. Mimi ninachonga. Na sikio yangu haina zambi, uliniambia mwenyewe."

"Na mafuta?"

"Sitapaka kitu tena bila kukuuliza."

"Usiape hivyo," Émérance alisema. "Kuna vitu vingine vinataka mafuta."

Mtumbwi wa pili ulichongwa upesi, ukaletwa mkavu, wenye alama za tezo, mbaya kama mdomo wa kiboko. Émérance aliukanda kwa mchanga na maji ya moto, akamwaga ndizi za shimo la mwisho, akafunika. Asubuhi wote wawili waliinama, huyu upande huu, yule upande ule, sikio kwenye mbao, macho kwa macho. Ndani, soko zima lilikuwa limefunguliwa.

Bwana Ajenti alikuja na kofia yake ngumu na baiskeli. Akaonja kikombe cha kichwa cha mtumbwi, akaonja cha mkiani, vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akaomba kingine ili awe na hakika. Akaomba kingine kwa ajili ya serikali. Ruksa ilitoka pale pale, na baiskeli ikaondoka kwa njia isiyokuwa yake, ikarudi, ikaondoka tena. Jembe la baba mdogo lilitumika kuchimba shimo jipya la ndizi.

Padri alinuna. Mwalimu wa msikiti alinuna. Wali wa arusi walikula wote wawili.

Mambo yale yamekwenda. Mawe ya barabara hayapakwi chokaa tena, kamiyo ya Marcellin iliotewa na nyasi, na barabara ya Kabambare imebaki kwa pikipiki na wenye moyo. Lakini waliokaa kwenye mabenchi yale bado wanaimezea mate pombe ile. Mtumbwi wa mafuta haukutiwa pombe tena hata siku moja. Uliwekwa chumbani, ukatandikwa nguo, na watoto wao wote walilala ndani mpaka mabega yakabanwa na kingo.

Kila asubuhi, hata alipokuwa mzee wa mvi, Kassimu alipita kwanza kwenye mtumbwi mkavu, akavua kofia, akaweka sikio. "Iko inasema," alimwambia mke wake. Kisha akaingia chumbani, akainama juu ya ule wa mafuta, uliobaki mtupu, akaweka sikio pale pia.

"Na huo unasema nini, mzee?" Émérance alimtania.

"Huo umenyamaza. Huo ulisema mara moja, ikatosha."