Waya wa Nyumba

Simtetei Hashim, ingawa ni rafiki yangu tangu utotoni. Ni fundi wa stima hapa Shika Adabu, na jirani yetu Boga alipojiundia ndege ya mtu mmoja uani kwake, Hashim ndiye aliyeifunga waya. Boga alimnunulia waya laini, wenye nyuzi nyingi, usiokatika kwa mtikisiko. Hashim akaona ni usumbufu, akatumia ule mgumu wa nyumba aliouzoea.

"Stima ni stima," akasema.

Kila waya akaubandika tepu na kuuandika, kwa mkono wake, jina la sehemu unakokwenda.

Boga alipoirusha, injini ilikohoa mara tatu, ikazimika ndege ikiwa juu ya bahari, mbele ya Shelly Beach. Boga hakuonekana tena, wala ndege yake.

Juzi adhuhuri, mjane wake, Mwanatabu, alimwita Hashim atengeneze taa ya chumbani. Eda imekwisha, lakini madirisha hajayafungua; mle ndani ni kiza totoro. Hashim akabonyeza swichi. Taa haikuwaka, ila ndani ya ukuta injini ilikohoa mara tatu, ikanyamaza.

"Umesikia, shemeji?"

"Naisikia kila siku," Mwanatabu akajibu. "Ndiyo maana nikakuita wewe."

Hashim akaifungua swichi kwa bisibisi, akauvuta waya. Wallahi, ananiambia, ulitoka umelowa, ukidondosha maji yanayonuka bahari. Kwenye ncha yake iliyokatika kulikuwa na tepu, na juu ya tepu, kwa mwandiko wake mwenyewe: INJINI.