Gari la Kumi na Saba

Gari-nyumba lilikunja ngazi zake, likafunga madirisha ya jikoni, kisha likatoka taratibu kwenye maegesho ya Mbeya bila mtu kugusa chochote. Ndani, Bibi Subilaga alikuwa mezani akimenya chungwa. Tangu kuzaliwa hakuwahi kupanda nyumba inayotembea, na kila gari lilipokata kona aliishika meza kwa mkono mmoja.

"Na huyu dereva wenu asiyeonekana," aliuliza, "njia ya kwenda Kasama anaijua?"

"Anazijua zote, Mama," alijibu mkwewe, mke wa mwanawe, Mhandisi Atuganile, akacheka. "Kazi yake ni kuchagua."

Walikuwa wawili tu safarini. Bibi Subilaga alikuwa na dada yake upande wa Zambia ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka tisa, na Atuganile alikuwa amechukua likizo ili ampeleke. Juu ya vichwa vyao, ramani ya dari ilionyesha barabara tatu za kufika mpakani Tunduma, kila moja na rangi yake. Hiyo ilikuwa kazi ya Kichaguanjia, mashine ya akili iliyofungwa katika kila gari la miaka ile. Kila gari lilikuwa na macho pembeni, na kila lilichokiona liliyaambia magari mengine papo hapo. Kichaguanjia kilipokea habari hizo, kikazipa barabara alama upya kila dakika, kisha kikachagua. Abiria walikuwa wameacha kuuliza kwa nini. Atuganile alikuwa mmoja wa wahandisi sita waliokitengeneza, na Bibi Subilaga alilitaja jambo hilo kanisani kila alipopata nafasi.

Saa tatu na dakika arobaini, wakiwa wamekaribia mpaka, gari lilipunguza mwendo. Mstari wa njano kwenye ramani ulizimika, wa kijani ukawaka.

"Tunahamia Barabara ya Mgongo," ilisema sauti ya gari. "Njia fupi ina matengenezo. Safari itaongezeka kwa saa tatu. Poleni kwa usumbufu."

Gari likageuka kwenye njia panda. Bibi Subilaga alikuwa ameegemea dirisha.

"Naona watu kule mbele, barabarani. Wanapunga mikono."

Atuganile hakuhitaji kutazama. "Ni mafundi wa barabara, Mama. Wanatuelekeza tupite huku."

"Ahaa," alisema bibi, akarudi kwenye chungwa lake.

Hapakuwa na matengenezo yoyote, na Atuganile alijua. Miaka minane nyuma, majambazi walikuwa na mtindo wa kusimama katikati ya barabara na kujifanya wamepata ajali ili wayateke magari. Kampuni iliwapa wahandisi wiki moja. Atuganile ndiye aliyepata jawabu: popote watu walipoonekana wamesimama njiani wakipunga mikono, Kichaguanjia kiishushe alama ya barabara hiyo mpaka chini kabisa, na magari yote yageuke kabla ya kufika. Mwenzake, Ndimbo, alimuuliza kikaoni, "Na kama ni watu wanaoomba msaada kweli?" Akamjibu kwamba mashine haiwezi kujua tofauti, na kwamba wangelirekebisha baadaye. Ili abiria wasiingiwe na hofu, yeye mwenyewe alipendekeza waambiwe ni matengenezo. Utekaji ulikoma. Akapewa tuzo, na ile 'baadaye' haikufika.

Barabara ya Mgongo ilikuwa nzuri. Walisimama mahali wakapika chai, Bibi Subilaga akasinzia. Atuganile alijaribu kusoma, lakini kila alipofungua ukurasa aliona mikono ile ambayo hakuitazama. Alijiambia walikuwa majambazi. Alijiambia pia kwamba huenda walikuwa watoto wanacheza.

Walifika mpakani saa saba mchana. Katika ukumbi wa uhamiaji palikuwa na mwanamume mmoja, suruali imejaa tope hadi magotini, akipita kutoka kwa msafiri mmoja hadi mwingine. Kila mmoja alimsikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Samahani mama zangu," alisema alipowafikia. "Naitwa Sichalwe. Gari lenu lina usukani? Ninamtafuta yeyote mwenye gari la kuendesha kwa mkono."

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza Bibi Subilaga.

Alieleza kwa sauti iliyochoka, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno yale mara nyingi. Asubuhi walikuwa wakipeleka mizinga ya nyuki sokoni, yeye, mdogo wake na mama yao, kwa pikapu yao ya zamani. Tairi likapasuka, pikapu ikapinduka, mdogo wake akabanwa kifua. Walimtoa akiwa hai, anazungumza. Wakasimama barabarani na wanakijiji wachache kuomba msaada.

"Magari yalikuja, mama. Yanafika pale njia panda, tunayaona kabisa, yanageuka. Tukapiga simu kituo cha afya. Gari la wagonjwa nalo ni la kujiendesha. Likafika palepale, nalo likageuka. Likatuma ujumbe kwamba linazunguka, kuna matengenezo." Alijifuta uso. "Saa tano akakata roho. Nilipowaambia amefariki, wakalirudisha. Halibebi maiti. Mama yangu yuko naye kule barabarani mpaka sasa, na kila gari ninaloliomba linakataa kwenda."

Bibi Subilaga alimgeukia mkwewe polepole. Hakupandisha sauti.

"Mama Lugano," alimwita kwa jina la mjukuu wake, "ndio wale mafundi wa barabara?"

Atuganile alitamani bibi angemfokea.

"Ndiyo, Mama."

Akamwambia Sichalwe, "Kaka, gari langu lina usukani. Twende."

Usukani ulikuwa umefichwa chini ya ubao wa mbele, kama ulivyoachwa katika magari ya wahandisi wa kampuni tu, na Atuganile hakuwa ameushika kwa miaka mingi. Alitoka mpakani akiyumba. Kila dakika sauti ilimsihi arudi: njia hii haifai, njia hii ina matengenezo. Akatafuta swichi yake akaizima.

Kisha akapunguza mwendo.

"Kaka Sichalwe," alisema akitazama mbele. "Magari hayakuharibika. Yalifanya kama yalivyofundishwa. Mimi ndiye niliyeyafundisha yawakwepe watu wanaopunga mikono. Neno matengenezo ni langu pia. Na leo asubuhi tulikuwa pale. Nilijua, na nikanyamaza."

Alingoja atukanwe. Sichalwe alilitazama gari kama ndiyo kwanza anaingia ndani yake: mapazia, jiko, maganda ya machungwa kwenye sahani.

"Mlikuwa na gari hili hili? La bluu?"

"Hili hili."

"Mlikuwa wa kumi na saba," alisema. "Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akihesabu. Tulimwambia ahesabu asilale. Lenu alilisifia, akasema ni zuri."

Kisha akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye majani kando ya barabara, maiti ameifunika kwa kanga yake moja. Wanawake wawili wa kijijini walikuwa naye. Alipoona gari linasimama aliinuka kwa taabu, kana kwamba haamini, akaja akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Poleni sana," alisema Atuganile.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mungu akubariki. Tangu asubuhi, magari yote yale, wewe peke yako ndiye uliyesimama."

"Mama, mimi..." Alimtazama Sichalwe, akitumaini yeye atasema. Sichalwe alikuwa ameinama anawasaidia wale wanawake kumwinua mdogo wake. Alikuwa amesikia, na hakugeuka.

Walimlaza marehemu kwenye kitanda cha gari-nyumba. Bibi Subilaga alitoa shuka safi kwenye kabati, akaitandika mwenyewe bila kumwangalia mkwewe. Yule mama alikuwa bado ameushika mkono wa Atuganile, anaupapasa kama wa mtoto.

"Niambie jina lako kamili, mwanangu, na la ukoo wenu. Nataka nikutaje jioni tukiwa tunamwombea."

Atuganile alilitaja kwa sauti ndogo sana, hadi yule mama akasogeza sikio na kumwomba alirudie.