Utomvu Usioganda

Saa mbili na robo asubuhi, jua la kwanza likiwa limechomoza na la pili bado, karani wa koloni alimkuta shemeji yake, mpima ardhi, amelala kifudifudi juu ya meza ya ramani. Kisu cha Wenyeji wa msituni kilikuwa mgongoni. Mwili ulishakakamaa.

Inspekta alipofika saa tatu, matingatinga kumi na mawili yalikuwa yakinguruma ukingoni mwa msitu.

"Zima hayo madude," alisema.

"Ya nini, dada?" Msimamizi wa kiwanda cha mbao alicheka. "Mkataba unasema Mwenyeji akiua mtu wetu, msitu ni wetu. Saa sita tunaingia. Muuaji si huyo hapo?"

Mgema utomvu, Mwenyeji ambaye watu wa koloni walimpa jina la Kimya, alikuwa amefungwa kitini. Alielekeza kidole kirefu cha kijani kwenye kisu.

"Kisu ni changu," alisema. "Kilipotea juzi nilipopita kiwandani."

Inspekta akamgeukia karani. "Jana uligombana na marehemu. Majirani wamesikia."

"Ndiyo, afande. Nilimsihi atie saini tu, tulale salama. Watu wa kiwanda walitaka aandike kwamba msituni hakuna watu. Akasema, 'Shemeji, nimewahesabu mwenyewe. Mia nne na sita, pamoja na mtoto aliyezaliwa juzi.'" Akaonyesha upande wa zahanati. "Nilikesha zahanati na dada yangu, mkewe. Ana uchungu wa uzazi. Hajui bado."

Muuguzi alithibitisha kwa redio: karani alikuwa huko usiku kucha, akaondoka saa mbili kamili.

"Unapoteza muda," Msimamizi alisema. "Kisu kimepakwa utomvu. Hao wakienda kuua hupaka hivyohivyo."

Inspekta aligusa ubapa. Utomvu ukavutika kama uzi.

Akamfungua Kimya, akampeleka kwenye mti wa kwanza nje ya uzio. "Nionyeshe mnavyopaka."

Kimya aliweka kwanza kiganja kwenye gome, kama anayebisha hodi. Kisha akachanja, akapaka utomvu kwenye rula aliyopewa na Inspekta. Kabla Inspekta hajahesabu kumi, ulikuwa mgumu kama kioo.

"Mbona ule wa kisuni haujaganda?"

"Ule ni wa mapipa," karani alijibu polepole. "Mashine za kiwandani huutia mafuta papo hapo, usigande."

"Nani ana ufunguo wa ghala la mapipa?"

Wote walitazama ufunguo ulioning'inia mkandani mwa Msimamizi.

"Utomvu ni utomvu!" alifoka.

"Kwako wewe," Inspekta alisema. "Miaka kumi na miwili unaangusha miti hii, hujawahi kugusa hata mti mmoja ulio hai."

"Saini moja tu!" Msimamizi alipiga teke uzio. "Meli zinasubiri mbao, yeye anahesabu vitu vya porini!"

Inspekta alimtia pingu, akaamuru injini zizimwe. Zilinyamaza moja baada ya nyingine, ingawa hakuna dereva aliyeshuka kitini. Ya mwisho ilipokufa, kutoka ndani ya msitu zikasikika sauti za watoto wakiitana.

Karani alisimama akizisikiliza kidogo, kisha akashika njia ya zahanati.