Kadi ya Mwisho ya Mama Mdogo

Mie nakupa kisa hiki kama alivyonipa Talha, rafiki yangu anayesomea saikolojia. Alikuwa akiwafichia watu kadi za picha wakisie, athibitishe kwamba hakuna anayeona kilichofichwa. Wote walibahatisha tu.

Jioni moja alikwenda Temeke kumpima mama yake mdogo, aliyekuwa akimsubiri mumewe arudi kutoka kazini Kurasini. Umeme ukakatika, wakaendelea kwa tochi ya simu. Mama mdogo akakosa kadi zote.

"Mamdogo, wewe ndiyo huoni kitu kabisa," Talha alimcheka.

Mama mdogo alipoingia chumbani kuswali, Talha akasikiliza majibu yake aliyoyarekodi kwenye simu. Kila jibu lilikuwa picha ya kadi iliyofuata. Kwenye kadi ya mwisho, isiyofuatwa na nyingine, alikuwa amejibu, "Jeneza."

Nje, gizani, majirani walikuwa wakipanga viti vya plastiki mlangoni. Hakuna aliyebisha hodi.