Doa la Kochi la Kalisti

Wewe uliyebetua mdomo kabla sijaanza, cheka kwanza umalize, maana nikishaanza sitaki kusikia "labda paa lilivuja". Paa gani, na kilikuwa kiangazi cha kupasua visigino? Anayejua kila kitu abaki na ujuzi wake. Mwenye masikio asikie yaliyomkuta Salvina wa Kalangalala, mke wa Kalisti.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, sabuni ikitafutwa kama dawa. Kalisti alikuwa akinunua dhahabu kichinichini kwa wachimbaji wa Nyarugusu, na hela ikimwasha akaleta makochi kutoka Mwanza, ya mahameli nyekundu, yaliyoshindiliwa pamba. Salvina akayavika vitambaa vya kufuma kama bibi harusi. Watu walikuja kuyakalia hata wasio na shida.

Siku moja Kalisti akarudi amelewa gongo, akajitupa kwenye kochi kubwa, akalikojolea. Ndiyo, mwanamume na ndevu zake. Salvina akasugua kwa majani ya mpapai, ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu. Akatia magadi, akakamulia ndimu, akalitoa juani. Lakini mkojo ukishazama kwenye pamba, unachosafisha ni kitambaa tu. Jua likipoa, doa linapanda tena juu, na ukingo wake wa njano.

Majirani wa jumuiya ya kanisa wakaja kusali kwao. Kiongozi wao, Mama Donatus, alikuwa na pua ya mbwa wa kuwindia.

"Salvina," akasema, "mbona kochi linatusalimia kabla yako?"

Wenzake wakacheka. Salvina akamtazama mumewe; Kalisti akatazama dari. Mlangoni, juu ya kigoda chake, alikaa Bibi Apolonia, mama yake Kalisti, aliyeletwa kutoka Ushirombo kuuguzwa miguu. Mzee yule hakuwahi kuligusa kochi lile hata kwa kidole.

"Ni mama mkwe," Salvina akanong'ona, mnong'ono wa kufika kila pembe. "Uzee huo. Tutafanyaje?"

Wanawake wakatoa pole. Bibi Apolonia akainamisha kichwa. Kwetu mzee habishani na mkamwana wake mbele ya wageni. Anameza maneno yake. Lakini tangu siku ile alikataa maji.

"Kunywa, mayu," Salvina alimbembeleza, kwa jina la mama la Kisukuma.

"Nikinywa nitakojoa, mwanangu. Mtasema tena."

Alilowesha ulimi tu, basi. Midomo ikampasuka, macho yakazama. Salvina aliona, Kalisti naye aliona. Neno moja lingetosha, na kila mmoja akamsubiri mwenzake alitoe. Kabla ya mvua za kwanza walimrudisha Ushirombo ndani ya sanduku.

Matanga yalipoisha, Salvina akakuta doa limerudi katikati ya kochi, dogo kama kisahani. Akaligusa, lilikuwa la baridi. Akainama kunusa, na halikuwa na harufu ya mkojo hata chembe. Lilinukia maji ya mtungi mpya. Akasugua, likawa kama sahani. Akasugua tena kwa majivu na brashi hadi mahameli ikanyonyoka, likawa kama sinia, na hapo akajua kwamba anaogopa.

Kisha sauti ikaja. Mchana kweupe, Kalisti hayupo, mtaa umelala kwa joto, Salvina akiwa jikoni alisikia mtu sebuleni anakunywa maji, anameza, anapumua, anameza tena, taratibu, kwa koo lililokauka siku nyingi, na alipochungulia hakukuwa na mtu, ila mto wa kochi ulikuwa umebonyea katikati kama umekaliwa, na chini yake tone lilikuwa likidondoka sakafuni, likifuatwa na jingine.

"Kuna mtu anakunywa maji kwenye kochi," akamwambia mumewe jioni.

"Panya hao."

"Panya anashusha pumzi akishameza?"

Kalisti akavaa kofia, akaenda kulewa.

Zamu ya kupokea jumuiya ikarudi kwao. Salvina aligeuza mito, akatandika khanga mbili chini ya vitambaa. Wakakaa. Walipoinuka kusali, katekista Otmar suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, na Mama Donatus gauni limemganda mapajani, na wote waliokalia lile kochi wakawa wanajishika makalio kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyecheka.

"Mkweo yuko kaburini," Mama Donatus akasema polepole. "Leo ni nani?"

Salvina aliona aibu hadi masikio yakamziba. Akajikuta akisema, "Hata siku ile hakuwa yeye. Ni Kalisti, na gongo lake. Tulijua wote wawili. Tukamtwisha mama, akafa na kiu."

"Amerukwa na akili huyu," Kalisti akasema. "Kochi ni kochi. Nitazameni."

Akakaa juu ya doa. Pamba ikaguna chini yake, maji yakapanda kimyakimya kwenye suruali, yakapita mkanda, yakalishika shati, mahameli nyekundu ikawa nyeusi pande zote, naye akajaribu kusimama, kochi likamvuta, akajaribu tena, likamkumbatia kiunoni kama mama aliyempakata mtoto mkaidi, na pale pale, karibu kabisa na sikio lake, yule asiyeonekana akaanza kumeza. Watu wakatoka wakisukumana. Katekista ndiye aliyetangulia.

Wakabaki wawili.

"Nivute, mke wangu."

Salvina akamshika mkono, akavuta kwa nguvu zake zote. Mkono ulikuwa wa baridi kama samaki. Maji yalishafika kifuani.

"Tamka, bwana," akamwambia. "Wako hapo uani, wanasikia. Mwombe radhi mama yako."

Kalisti akatazama dirishani. Vichwa vilikuwa vimejaa, vya watu waliomheshimu.

"Waambie ni mama," akanong'ona, meno yakigongana. "Waambie alikuwa mgonjwa. Si amekwisha kufa? Itamdhuru nini?"

Salvina akauachia ule mkono. Akatoka, gauni limelowa maji ya kochi, linamchuruzika mbele ya macho yote yale, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.